Mnada katika Nyumba ya Chui

Jumatatu, 4 Mei 1953

Asubuhi baridi, vidole vizito. Nimekwenda nyumbani kwa marehemu Stefano kukagua vitu kwa mara ya pili. Kabati: mlango mmoja haufungi. Baiskeli: mnyororo mpya, breki hazipo. Gramofoni: inaimba, ila husita. Kasoro hizi zote nitazitangaza kwa sauti siku ya mnada. Mtu anayenunua kitu kibovu akijua kuwa ni kibovu hajadhulumiwa. Madalali wenzangu hapa cité, mtaa wa sisi Waafrika, hupaka mafuta juu ya kutu na kujiita werevu. Mimi sipaki.

Stefano alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alikufa kwa homa ya mapafu baada ya Pasaka. Nyumba ni ya kampuni na sharti iwe tupu ifikapo Jumamosi ya wiki ijayo. Mdogo wake, Bwana Donati, amefika kutoka Kasomeno juu ya lori la samaki, akiuwakilisha ukoo. Ndiye aliyeniajiri. Ameagiza vyote viuzwe Jumamosi hii na fedha zirudi kwa ukoo.

Katika hivyo vyote ametia na cherehani. Mjane, Mama Veronika, alikuwa ameketi nyuma ya cherehani hiyo hiyo, akishona kaptula ya mtoto wa jirani. Hakuinua uso. Mguu wake tu ulisimama juu ya kanyagio, kisha ukaendelea.

Kero ya siku: Kambo Chola. Watu humwita Kambo, yaani nyanya; yeye ni dada wa mama mzazi wa Stefano. Ukoo wao ni Chui. Ukoo wangu, kwa upande wa mama, ni Mbuzi. Chui na Mbuzi ni watani tangu wazee wa wazee, na desturi inawaruhusu kutukanana popote, hasa msibani. Nilipoingia uani alipiga kelele mbele ya watu wote.

«Eh, Mbuzi! Mbuzi mu kravati! Nani alikufungula kamba?»

Watu wakaitazama tai yangu, wakacheka. Nilimjibu kwamba nimefika hapa kwa shughuli rasmi wala si kwa mchezo. Wakacheka zaidi. Nimeudhika.

Jumanne, 5 Mei

Mama Veronika amekuja barazani kwangu kabla sijamaliza chai. Hakuketi mpaka nilipomwomba mara ya pili.

Maelezo yake, kwa ufupi. Cherehani aliinunua yeye, kwa jasho la sare za shule alizowashonea Masista miaka mingi. Siku ya kununua, mwenye duka alikataa kuandika jina la mke, akaandika la mume. Stefano mwenyewe alikuwa akiiita mashini ya Veronika. Ana watoto wawili. Atahamia kwa dada yake kule Naviundu, na dada huyo hana cha kuwalisha. Bila cherehani atabaki na mikono mitupu.

Namsadiki. Nimeandika ombi kwa Bwana Msimamizi wa cité. Nusu ya siku imekwisha humo, lakini maneno yamekaa mahali pake. Sentensi ya tatu ni nzuri mno: «Mjane huyu hadai mali ya mumewe, anadai mkono wake mwenyewe wa kuume.» Nimeisoma kwa sauti. Mke wangu, Angelina, aliuliza kama nimeita.

Kwa kuwa ninatumikia mnada wa Donati, sikutaka kumzunguka. Jioni nilikwenda kumweleza kwamba nimeandika ombi la kumpinga katika jambo hili moja. Hakukasirika. Alikuwa akila mkate.

«Andika, Baba Leonardi,» alisema. «Andika sana. Karatasi haina meno.»

Jumatano, 6 Mei

Siku mbaya.

Asubuhi ofisini. Benchi, kungoja, benchi. Karani kijana mwenye viatu vya rangi mbili alilikunja ombi langu bila kulisoma, akalitia katika mtoto wa meza. Mambo ya desturi, alisema, ni ya mahakama ya cité. Sentensi ya tatu imelala gizani pamoja na wino na biskuti zake.

Alasiri mahakamani. Waamuzi watatu, wazee wa heshima, wote wakipiga miayo. Jibu lao lilikuwa fupi. Kilichomo katika nyumba ya mwanamume ni cha mwanamume. Akifa, ni cha ukoo wake. Nilianza kueleza tofauti kati ya jina lililoandikwa na mkono uliolipa. Nilikuwa nimeitayarisha hoja hiyo njiani, kwa mafungu. Mmoja wao alinikatiza.

«Ngoja kwanza. Weye si ni mutu wa Mbuzi? Mbuzi anakuya kusamba juu ya bintu bya Chui?»

Kusamba, kwa watu wa hapa, ni kushtaki na kujitetea mbele ya waamuzi. Wakacheka wote watatu, na askari wa mlangoni akacheka. Nilikwenda kutafuta haki, nikapewa kicheko. Nilitoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo si tabia yangu.

Nimejifunza kusoma peke yangu, kwa kitabu kimoja cha misa na magazeti yaliyofungiwa sabuni. Nimejifunza kupanga maneno mpaka wazungu wenyewe huniuliza nilisoma shule gani. Na bado mtu akinitazama anaona mbuzi.

Jumatano hii iishe.

Alhamisi, 7 Mei

Siku ya maonyesho. Huwa natoa siku nzima watu waje, waguse, wafungue, wanuse. Na kanuni yangu ni kwamba kitu chenye kufanya kazi kionyeshwe kikifanya kazi. Gramofoni iliimba. Baiskeli ilizungushwa ua mzima na mtu asiye na hofu ya breki.

Kisha akaja fundi cherehani mmoja kutoka mjini, akainama, akatazama chini ya meza ya cherehani, akauliza kama inashona sawasawa. Hapakuwa na mwingine wa kuionyesha. Nilimwomba Mama Veronika.

Aliketi. Alichukua kipande cha kitambaa, akashona mstari mmoja mrefu, ulionyooka kuliko mstari wowote wa ofisini. Akakata uzi kwa meno. Akampa yule fundi kitambaa.

«Inakwenda muzuri, Baba,» alisema. «Utie tu mafuta. Na usiiwekee mutoto karibu, sindano yake iko kali.»

Nilitaka ardhi inimeze. Haki yangu kwa wanunuzi imemlazimisha mwanamke huyu kuuza mkono wake kwa mkono wake. Naona haya.

Nilimwendea Donati mara moja. Nilimshauri aitoe cherehani mnadani, amwachie mjane, naye amlipe kidogo kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kuhusu Kasomeno: mama yake hawezi tena kutembea, na watoto wa dada yao aliyekufa wako nyumbani kwake, wote wakimtegemea marehemu Stefano.

«Bale nao banakula nini, Baba? Uandike pia barua juu yao.»

Ningependa awe mtu mbaya. Si mbaya. Hilo ndilo linalonichosha.

Kambo Chola, kutoka kwenye mkeka wake, aliniuliza kwa nini mbuzi analia na majani yamejaa.

Ijumaa, 8 Mei

Nimegombana na Angelina. Naandika yaliyosemwa ili niyapime.

Siku ya mazishi ya Stefano, watu wa ukoo wa Mbuzi walifika kama desturi inavyotaka. Walimtukana maiti, wakaimba upuuzi, wakamcheka katika jeneza lake. Kisha kila mmoja akakamata kitu kimoja cha marehemu na kukimbia nacho: mmoja kofia, mmoja viatu, mmoja jogoo. Mtani akishakamata, wenye msiba hawawezi kumnyang'anya. Wanaweza tu kukikomboa, kama mtani atakubali. Wakimnyima, kilio hakitoki katika nyumba yao. Ndivyo watu wanavyoamini, na waamuzi wa mahakama wanaamini hivyo pia.

Mimi siku ile nilisimama pembeni nikiwa na risala yangu ya pole, kurasa mbili. Niliuita ukamataji ule wizi wa wazi. Nakumbuka nilisema hivyo kwa sauti.

Angelina alikuwa akikoroga bukari, ugali wetu. Hakugeuka.

«Weye ulikamata nini?»

«Sikukamata kitu.»

«Basi haki yako ingali pale. Na mashini ingali pale. Unazunguka na barua ya nini?»

Nilimweleza. Dalali ni mtumishi wa muuzaji na wa mnunuzi. Dalali hachukui hata msumari katika nyumba anayoiuza; siku atakayouchukua, hakuna nyumba itakayomfungulia mlango. Isitoshe, mambo haya ni ya kijijini, na mimi nina kibao kilichoandikwa kwa rangi nyeupe mbele ya nyumba yangu.

Alisema kibao hakijawahi kushona kaptula.

Nimekasirika siku nzima. Nimemkasirikia yeye, Donati, karani wa viatu vya rangi mbili, na Stefano kwa kufa. Nikimwonya Donati, ataificha cherehani usiku huu. Nisipomwonya, ninamdanganya mtu aliyeniamini. Nikinyamaza, mjane anapotea, nami nitakuwa nimefuata kanuni zote.

Sijui. Nimeipiga pasi kravati.

Jumamosi, 9 Mei

Mnada ulianza jua lilipokwisha kupasha ua. Watu walijaa mpaka barabarani. Niligonga kengele na kutangaza kasoro kama kawaida. Kabati likaenda, baiskeli ikaenda, viti, masufuria, gramofoni pamoja na kusita kwake. Kila kitu kwa bei ya haki, na aliyesita sikumsukuma. Donati aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Yule fundi wa mjini alisimama mbele kabisa, mikono nyuma.

Ikabaki cherehani.

Mama Veronika alikuwa ameifuta vumbi. Aliifuta kwa ajili ya mnunuzi!

Niliweka kengele miguuni pa Donati. Nilisema, kwa sauti ya wazi ili kila mmoja asikie: «Bwana Donati, kuanzia sasa mimi si dalali wako. Ujira wangu wa leo sitaudai. Vilivyouzwa vimeuzwa kihalali. Kitakachofuata ninakifanya kwa damu ya mama yangu.» Kisha nikavua kravati. Sikujua pa kuiweka. Nikaitia mfukoni.

Nikageukia nyumba, mlango uliokuwa wazi, nikaanza kumtukana marehemu.

Sijawahi kufanya hivyo maishani. Maneno ya mtaani sikuwa nayo, nikatumia niliyo nayo.

«Ewe Stefano! Mnyama mlafi usiye na haya wala shukrani! Umewatafuna ndugu zangu tangu ulipoota jino la kwanza, na hata salamu ya maandishi hukutuletea! Leo umelazwa chali kama mkeka uliochakaa, nawe huwezi kumkamata hata mbuzi kilema! Kwa heshima zote unazostahili, nazo hazipo kabisa, nakujulisha kwamba nimekuja kuchukua kilicho changu!»

Mara Kambo Chola akaanguka ubavuni juu ya mkeka wake akicheka, akashika tumbo, machozi yakamtoka. Ua mzima ukalipuka. Mtu mmoja alipiga kelele: «Mbuzi anatukana sawa padri!» Mwingine: «Endelea, Baba, utie Amina!»

Nikaikamata cherehani. Ni nzito, sikuweza kukimbia nayo kama desturi inavyotaka. Nikaikalia.

Donati alikuja mbio, uso umempauka.

«Namna gani, Baba Leonardi? Weye njo mwenye kuuzisha! Unageuka mwizi mbele ya macho yangu?»

«Donati, nyamaza,» alisema Kambo Chola. Alikuwa ameinuka, na kicheko kilikuwa kimekwisha usoni pake. «Mbuzi amekamata. Hakukamata siku ya kuzika, tuliona wote. Haki yake ilibakia. Unataka kilio kikufwate Kasomeno? Komboa, ao uache.»

Donati alinitazama. Akaniuliza nataka nini ili aikomboe. Nilimwambia anirudishie mbuzi wote ambao Chui wamekula tangu Mungu alipotenga nchi kavu na maji, wakiwa hai, pamoja na kamba zao. Watu wakapiga makofi. Yeye hakucheka. Aliokota kengele yangu, akanitupia mapajani, akaondoka.

Yule fundi wa mjini aliondoka pia. Aliniamkia kwanza kwa kuinamisha kichwa.

Niliinuka, nikamwambia Mama Veronika kwamba cherehani ni yangu kwa desturi, na kwamba ninampa. Aliishika kwa mikono miwili na kusema, «Aksanti, Baba.» Kisha akaingia ndani akafunga mlango, na sisi sote tuliobaki uani tukawa hatuna la kufanya.

Jumapili, 10 Mei

Donati alikuja baada ya misa. Hakuketi. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba ningeweza kumwambia Ijumaa, na kwamba mtu anayesema ukweli juu ya breki za baiskeli angesema na ule. Kisha akaenda kutafuta lori.

Yuko sahihi kwa sehemu. Nimeligeuza neno lake pande zote na bado yuko sahihi kwa sehemu. Na kama siku ile ingerudi, ningefanya vile vile. Mambo haya mawili hayakai katika sentensi moja, nami nimejaribu.

Angelina anaimba jikoni. Furaha yake inaniudhi.

Jumanne, 12 Mei

Nilikuwa nimeahidiwa nyumba ya mzungu mmoja anayerudi Ubelgiji: vyumba vingi, piano, vyombo vya kioo. Kazi ambayo ingenifungulia mitaa yote ya juu. Leo mpishi wake ameleta ujumbe. Bwana amesikia kwamba dalali Leonardi huchukua vitu vya wateja mbele ya hadhara. Ametafuta mwingine. Huyo mwingine hupaka mafuta juu ya kutu.

Niliketi kuandika barua ya kujieleza. Nilianza mara nyingi. Nilijaribu kueleza utani kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa unafanana kabisa na wizi.

Nimechana karatasi zote. Hakuna mtu aliyekuja barazani. Nimekitazama kibao changu kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi bado zimenyooka.

Nimejaa hasira na sina wa kumpelekea.

Alhamisi, 14 Mei. Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana

Baada ya misa Kambo Chola alikuja na fimbo yake, akaketi barazani pangu bila kukaribishwa. Nilingojea tusi. Halikuja. Aliomba maji, akanywa yote.

Alisema Donati amefika Kasomeno salama na ametuma neno kwamba mama yao anakula vizuri. Alisema Mama Veronika anahama kesho. Kisha akasema jambo lililomleta. Mtani aliyekamata sharti amalize kazi yake ya msiba. Wale wa kofia, viatu na jogoo walichimba kaburi, wamemaliza. Mimi bado. Nyumba ya msiba haijafagiwa, na majivu ya moto wa matanga yangali uani. Hakuna wa ukoo wa Chui anayeruhusiwa kuyagusa.

Nilimwambia nina shughuli nyingi wiki hii. Alitazama kiti changu cha wateja, kilichokuwa kitupu, akatazama barabara, akaniaga kwa adabu.

Jumamosi, 16 Mei

Nimekwenda mapema, na ufagio wa Angelina. Mama Veronika na watoto walikwisha kuondoka jana kwa mkokoteni. Nyumba tupu. Hakuna aliyekuja kutazama, nami nilishukuru.

Nilifagia chumba cha ndani kwanza, kisha cha mbele, kisha kizingiti. Vumbi, vipande vya uzi, kifungo kimoja. Uani nilizoa majivu kwa karai. Yalikuwa baridi na mengi kuliko nilivyodhani. Watu walikesha hapa siku nyingi na moto haukuzimika. Niliyabeba mara mbili mpaka njia panda, nikayamwaga kama Kambo alivyoniagiza, nikarudi bila kutazama nyuma.

Kisha nikasimama katikati ya chumba. Nilikuwa na nia ya kusema kitu. Nilikuwa na maneno. Badala yake nilimkumbuka Stefano. Tulikuwa tukisalimiana barabarani kwa miaka, na katika wiki zote hizi za kabati na baiskeli sikuwa nimemkumbuka hata mara moja. Alikuwa mrefu. Kila alipotoka nyumbani kwake aliinama kupita mlango huu, akishika kofia kwa mkono, kisha akanyooka nje polepole, kama mtu anayefurahia kunyooka.

Nilikaa humo mpaka jua lilipofika ukutani.

Nimefunga mlango. Ufunguo nimeukabidhi kwa karani wa kampuni, naye amenipa stakabadhi. Suruali yangu ina majivu hadi magotini. Nimeketi nayo hivyo hivyo.